Nafanya kazi ya kea Uingereza, nadaiwa chanjo ya homa ya ini na mimi naogopa kupimwa

Shikamoo dada. Naomba usitaje jina wala mji maana huku Watanzania tunajuana wote.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, niko kaskazini mwa Uingereza nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee. Tulikuja 2023 mimi na mume na watoto, kabla hawajakataza makea kuleta familia. Sponsa wangu, yani mwajiri anayenidhamini viza, ndo hao hao wenye nyumba ya wazee kwa hiyo unaelewa, makaratasi yangu, ya mume na ya watoto yote yako mikononi mwao. Wazee tulionao wengi wana ugonjwa wa kusahau, wengine wana kisukari, kuna mmoja akikasirika anang'ata na kuparura lakini ukimzoea ni bibi mzuri tu.

Sasa mwezi uliopita tumepewa barua kwamba kila anayewahudumia wazee kwa mikono alete uthibitisho kwamba kachanjwa homa ya ini B. Kama huna uende ukachome mwenyewe kwa hela yako. Niliulizia kwenye duka la dawa wakaniambia ni sindano tatu na kila moja ni pauni 50 na kitu, ukijumlisha na kipimo cha damu ni hela ya kodi ya nyumba ya wiki kadhaa, na hapo hapo nina ada za wadogo zangu Tanga zinanisubiri.

Lakini dada hela sio shida kubwa, nitabana. Kinachoninyima raha ni kupimwa. Binamu yangu alikuwa aende Saudia, kauza pikipiki yake, kamlipa wakala, akaenda kupima afya wakamkuta na homa ya ini, akaandikiwa hafai, safari ikafia hapo na hela haikurudi. Na alikuwa haumwi hata kichwa! Mpaka leo anakunywa dawa za miti shamba, hospitali hajarudi. Halafu mama yangu mkubwa alifariki tumbo limejaa maji, mtaani walisema karogwa ila daktari alisema ni ini. Sasa mimi nawaza hii kitu si iko kwenye damu yetu? Nikipimwa wakaikuta si ndo nafukuzwa kazi, na nikifukuzwa nina siku 60 za kutafuta sponsa mwingine, na watoto ndo wameanza kuzoea shule.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kila mtu anasema lake. Mmoja kasema usipime choma tu kimya kimya. Mwingine kasema ile kadi ya njano tuliyochanjiwa wakati wa kuondoka inatosha, mpeleke hiyo hawajui kusoma. Mwingine kasema chanjo yenyewe ndo inaingiza ugonjwa, na dada mmoja ana wasiwasi kuwa ina nguruwe.

Jambo la mwisho, sijui kama lina maana. Kama miezi miwili nyuma nilikuwa natandua kitanda cha babu mmoja anayechoma insulini, sindano ya kalamu yake ilikuwa imebaki kwenye mikunjo ya shuka, ikanichoma kidole kupitia glavu, damu ikatoka. Nikamwambia senia wa shifti, akasema nenda kaoshe weka plasta urudi fasta leo tuko wachache. Ikaishia hapo, hakuna aliyeandika popote, na mume wangu sijamwambia. Tangu barua ile ije silali vizuri. Nifanyeje dada yangu?

Mama Wawili

*

Marahaba mdogo wangu, pole sana na hongera kwa kuandika.

Hilo ulilosema hujui kama lina maana ndo naanza nalo, maana kwangu lina maana kuliko barua ya meneja. Umechomwa na sindano iliyotumika, damu imetoka, na mtu mwenye dhamana kwenye shifti amekuambia weka plasta. Hapana. Hiyo ni ajali ya kazini kamili na ilitakiwa siku ile ile iandikwe na wewe upelekwe ukaonwe. Wewe ulifanya sehemu yako, ulitoa taarifa, kwa hiyo usijilaumu hata kidogo.

Kesho piga simu kwa GP wako, yani daktari wa mtaa uliyejiandikisha kwake, sema hivi: nafanya kazi nyumba ya wazee, nilichomwa na sindano ya insulini iliyotumika tarehe fulani, sijawahi kuchanjwa homa ya ini B, na sikupimwa baada ya hapo. Sentensi hizo tu. Watakutoa damu waangalie homa ya ini B, homa ya ini C na HIV. Kirusi cha B kikiingia kinaweza kukaa siku 40 mpaka 160 kabla mtu hajaona dalili, kwa hiyo kipimo cha leo kikiwa safi watakirudia, kwa kawaida mpaka miezi 6 itimie tangu uchomwe. Hapo katikati usichangie damu, na wewe na mumeo tumieni kondomu mpaka majibu yakamilike. Najua hapo ndo pagumu, maana hujamwambia. Mwambie usiku mmoja watoto wakishalala, mwambie ni ajali ya kazini, ndo ukweli wenyewe. Mwanaume akijua mapema anakuwa upande wako, akija kukuta barua ya hospitali kwenye droo ataanza kuwaza mengine.

Nisikutishe kupita kiasi. Ile namba wanayotufundisha sisi manesi ni kwamba ukichomwa na sindano ya mtu mwenye kirusi, na wewe huna kinga, kwa homa ya ini B uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika kama mtu 1 kati ya 3, kwa C ni kama 1 kati ya 30, kwa HIV ni 1 kati ya 300. Lakini hiyo ni pale ambapo mwenye sindano anacho kirusi, na sindano ya insulini ni nyembamba, inaingia chini ya ngozi tu na haibebi damu nyingi. Uwezekano mkubwa babu yako hana chochote na wewe huna chochote. Ila ona tofauti ya hizo namba: B inaambukiza kuliko HIV mara nyingi sana, na ndo hiyo hiyo yenye chanjo. Ndo maana mimi nikisikia mtu wa kea hajachanjwa na kafanya miaka miwili naumia kweli.

Na kwa wengine wote mnaosoma hapa mkiwa kwenye kazi hizi: ukichomwa leo, weka kidole chini ya bomba maji yatiririke, kiache kitoe damu chenyewe, osha na sabuni, usikisugue na usikinyonye, funika, halafu toa taarifa na uende hospitali SIKU HIYO HIYO hata kama mko wawili kwenye shifti nzima. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya masaa 72. Kwa homa ya ini B kuna sindano ya kingamwili tayari anayopewa asiyechanjwa kama sindano iliyomchoma ilikuwa ya mtu mwenye kirusi, nayo ni nzuri ikitolewa ndani ya siku moja au mbili, ikizidi wiki haina faida. Mama Wawili dirisha hilo lilishafungwa kwake kwa sababu ya plasta, ndo maana nasema kwa uchungu.

Sasa hofu ya kupimwa. Nimeielewa vizuri na haijatoka hewani. Nchi za Ghuba kweli zinapima homa ya ini B na C kabla ya kutoa viza ya kazi, na ukikutwa nayo unaandikiwa hufai, haijalishi unajisikiaje. Vijana wetu wengi wa Tanga, Mombasa, Zanzibar wamekutana na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza maishani kwenye karatasi ya kukataliwa safari, hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza ni nini wanachoumwa. Kwa hiyo kwa watu wetu kipimo cha homa ya ini kimekuwa kipimo cha kupoteza kazi.

Uingereza haiko hivyo. Kwa viza wewe ulipimwa kifua kikuu tu, homa ya ini haimo, na wakati wa kuongeza muda wa viza hakuna atakayekuuliza. Majibu ya damu ni yako na daktari wako, meneja haletewi bila idhini yako. Hata ukipimwa na watu wa afya kazini ambao kampuni ndo inawalipa, wao wanamwambia meneja kama unafaa kwa kazi hiyo au la, basi. Na kwa kazi yako, yani kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, kumgeuza mzee kitandani, kumsindikiza chooni, mtu mwenye homa ya ini B anaruhusiwa kuifanya. Wenye masharti ni wale ambao mikono yao inaingia ndani ya mwili wa mgonjwa, madaktari wa upasuaji, wa meno, baadhi ya wakunga, na hata wao kirusi kikiwa kimeshushwa na dawa wanafanya kazi chini ya uangalizi. Akitokea meneja wa kukufukuza kwa sababu ya majibu ya damu, usisaini chochote, piga Acas, wale wanaoshauri kuhusu haki za kazini, siku hiyo hiyo, ni bure, na kama hujajiunga na chama cha wafanyakazi jiunge mwezi huu wala usingoje shida, UNISON wanapokea makea.

Kuna kitu kingine ambacho wengi wetu hatukijui. Miongozo ya afya ya huku inasema mtu aliyezaliwa au kukulia kwenye nchi ambako homa ya ini B ni ya kawaida, na Tanzania imo, apewe nafasi ya kupimwa hata kama haumwi. Kwa hiyo kwa GP huombi fadhila, na hulipi.

Wewe hukuchanjwa utotoni, hilo nina uhakika nalo kwa umri wako. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini kwenye chanjo za watoto wachanga mwaka 2002, Kenya walitangulia kidogo tu. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukupata. Wanao walizaliwa baadae kwa hiyo angalia kadi zao za kliniki utaikuta ndani ya ile chanjo ya tano kwa moja. Waingereza wenyewe walianza kuwapa watoto wote kuanzia waliozaliwa Agosti 2017, kwa hiyo hata wenzako wazungu hapo kazini wengi hawana. Na kadi ya njano mpendwa ni ya homa ya manjano, ugonjwa wa mbu, haihusiani na hiki kabisa. Mwambie mwenzako asiipeleke, wanajua kusoma.

Ukipimwa, mwombe daktari aangalie vitu vitatu kwa pamoja: kama una kirusi sasa hivi, kama uliwahi kukutana nacho zamani, na kama una kinga. Wengi wa ukanda wetu wanakutwa waliwahi kukutana nacho wakiwa wadogo, mwili ukakishinda wenyewe, na kinga wanayo. Watu hao hawahitaji chanjo kabisa, na wewe ungelipa zaidi ya pauni 150 bure. Ndo maana ule ushauri wa "choma kimya kimya" sio mzuri. Chanjo haitakudhuru hata kama kirusi kipo, ila haitakutibu, na utaishi miaka ukidhani umelindwa kumbe ini linaliwa taratibu.

Na ikiwa kirusi kipo? Tuliongee, usilikimbie. Kwanza kikikutwa ni cha muda mrefu basi karibu hakika sio cha babu wa insulini. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 wanabaki nacho maisha yote, mtu mzima akiambukizwa chini ya 5 kati ya 100 ndo wanabaki nacho. Kwa hiyo watu wetu wengi walio nacho walikipata kwa mama wakati wa kuzaliwa au wakiwa wadogo, wembe mmoja kunyolea watoto wote, vidonda vya kucheza. Hakirithiwi. Kwenye ukoo mnakikuta kwa watu wengi kwa sababu mmeishi nyumba moja, damu ya ukoo haina kosa. Mama yako mkubwa hakurogwa, Mungu amrehemu, tumbo kujaa maji ndo mwisho wa ini lililokakamaa, na linachukua miaka 20, 30 kufika huko bila mtu kusikia maumivu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na sehemu kubwa hawajui. Ukijua, unafuatiliwa damu na ultrasaundi, ikifika hatua ya kuhitaji dawa unapewa kidonge kimoja kwa siku, na ini linaachwa lipumue. Huku utatibiwa NHS, yani huduma ya afya ya serikali, kama mtu mwingine. Na bado utalala na mumeo akishachanjwa, mtakula sahani moja, utawabusu wanao. Hakiambukizwi kwa chakula wala kwa kukumbatiana.

Turudi kwa meneja. Kukudai uthibitisho wa chanjo sio vibaya, kukutoza ndo vibaya. Huku kuna kanuni zinaitwa COSHH za mwaka 2002, mwajiri lazima apime hatari za kazi, na vijidudu vya damu vimo, na akiona wafanyakazi wako kwenye hatari ya ugonjwa wenye chanjo anatakiwa awape chanjo hiyo wale wasio na kinga. Halafu sheria ya afya na usalama kazini ya 1974, kifungu cha 9, inakataza kumtoza mfanyakazi kwa vitu vya usalama ambavyo sheria inamtaka mwajiri avitoe. Sio kila nyumba ya wazee lazima ichanje kila mtu, inategemea kazi ilivyo, lakini yeye mwenyewe kwa barua yake ameshakiri kwamba hatari ipo. Basi alipie. Na usishangae GP akikuambia chanjo ya kazini hatoi bure, yuko sahihi, hiyo sio mzigo wa NHS ni mzigo wa aliyekuajiri. Lakini kwa sababu umeshachomwa, mwulize GP kama wao wenyewe watakuanzishia sasa hivi, maana baada ya ajali ya namna yako hatusubiri.

Usimwambie meneja kwa mdomo kwenye korido. Andika imeili, nzuri na fupi, tafsiri hii: "Nimepokea barua kuhusu chanjo ya homa ya ini B na niko tayari kuchanjwa. Naomba kampuni inipangie na watu wa afya kazini, kwa gharama ya kampuni, kama COSHH inavyotaka. Pia tarehe fulani nilichomwa na sindano iliyotumika nikiwa kazini na nikamtaarifu msimamizi wa shifti. Naomba tukio hilo liandikwe kwenye daftari la ajali na nipewe nakala." Taja tarehe, saa, chumba, na cheo cha uliyemwambia. Jina la babu usiliandike. Jitumie nakala kwenye imeili yako ya nyumbani. Lugha ni ya heshima, hakuna ugomvi hapo, ila mtu akiisoma anajua unajua. Asipojibu au akikutisha kwa habari ya sponsa, kuna Acas, kuna chama, na CQC wanaosimamia nyumba za wazee wanapokea taarifa za wafanyakazi hata bila kutaja jina.

Watu wengi wanadhani nyumba ya wazee ni sehemu salama kwa sababu wateja ni vibibi na vibabu vimekaa vinaangalia tivii. Mwaka 2010 kule North Carolina Marekani, kwenye nyumba moja ya wazee, wazee 8 waliambukizwa homa ya ini B kupitia vifaa vya kupimia sukari vilivyokuwa vinatumika kwa mtu zaidi ya mmoja, na 6 wakafariki. Kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kwenye damu iliyokauka na bado kinaambukiza, hata tone lile ambalo jicho halilioni. Kwa hiyo unapoingia shifti angalia hivi: kila mzee mwenye kisukari ana kipima sukari chake chenye jina lake? Wembe wa kunyolea babu wa chumba namba 4 ndo huo huo unaenda chumba namba 5? Kikata kucha je? Mimi nimeshakuta kikata kucha kimoja kwenye kikapu, kinazunguka jengo zima, na kila mtu anaona sawa tu. Lile boksi la njano la kutupia sindano liko karibu na kitanda au liko ofisini mwisho wa korido? Sindano ya babu yako isingefika kwenye shuka kama boksi lingekuwa pale pale anapochomewa. Hilo nalo liandike kwenye imeili.

Na huyo bibi anayeng'ata, akikuvunja ngozi ni ajali ya kuandikwa vile vile. Miongozo ya chanjo ya huku imewataja kabisa wahudumu wanaoweza kung'atwa au kujeruhiwa na wagonjwa. Sio kumchongea bibi, hajui anachofanya maskini, ni kujilinda wewe na kumlinda yeye.

Chanjo yenyewe. Sindano ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Kwa mtu aliyeko kwenye hatari kuna ratiba ya haraka, 0, mwezi 1, miezi 2, halafu ya nne mwaka ukitimia. Unachomwa juu ya mkono, panauma siku moja mbili, wengine wanachoka kidogo, basi. Haiwezi kukuambukiza kwa sababu ndani yake hamna kirusi, kuna kipande cha ganda lake tu, kinatengenezwa na hamira maabara. Haina gelatini ya nguruwe, mwambie huyo dada atulie. Mjamzito anachomwa, anayenyonyesha anachomwa.

Halafu ipo hatua watu wanairuka. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, damu inapimwa kuona kama mwili umejibu. Watu wazima kama 10 mpaka 15 kati ya 100 hawajibu vizuri, zaidi waliovuka 40, wavutaji sigara, na sisi wenye miili mikubwa. Namba ya kinga kwenye damu wanayoitaka huku ni 100 kwenda juu, ukiwa kati ya 10 na 100 wanakuongeza sindano moja, ukiwa chini ya 10 wanarudia upya. Kama hujapimwa hujui uko kundi gani, na siku ya kuchomwa na sindano ndo utatamani ungejua. Omba hiyo karatasi ya majibu na uitunze na paspoti, ukihamia kwa mwajiri mwingine unaionyesha na hakuna wa kukusumbua tena.

Homa ya ini A usihangaike nayo sana, ile inapita kwenye kinyesi na mikono michafu, wengi wetu tuliokulia kwetu tuliipata utotoni na tumebaki na kinga, we nawa tu mikono kwa sabuni baada ya kila pampasi. C haina chanjo ila siku hizi inatibika na kupona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12. D haimpati mtu asiye na B, kwa hiyo chanjo ya B imekukinga na hiyo pia.

Nimebakiza binamu yako, na mdogo wangu nimemfikiria sana huyu kijana. Wewe pengine huna kitu, yeye tunajua anacho, na ni yeye anayekunywa miti shamba ambayo ini lake ndo linalazimika kuichuja. Mpigie. Mwambie aache hizo dawa, pombe aache kabisa, aende hospitali kubwa, ya mkoa au akiweza Muhimbili, na ile karatasi aliyokataliwa nayo safari aibebe, ni ushahidi wa kipimo. Wamwangalie ini, wapime wingi wa kirusi, wamwambie kama anahitaji dawa sasa au anafuatiliwa tu kila miezi 6. Mwandae na jambo moja: kama ni B, dawa inayotumika sana inaitwa tenofovir, na hiyo hiyo imo kwenye vidonge vya HIV, kwa hiyo anaweza kujikuta kwenye dirisha moja na watu wa HIV au mtu akaona kopo akaanza maneno. Wengi wanaacha dawa kwa sababu hiyo, na ukiziacha ghafla bila daktari kirusi kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua ini. Aijue mapema. Mke wake kama anaye apimwe na achanjwe, wanawe waangaliwe kadi. Yeye bado ni kijana, ini lake lina muda.

Ila anza na simu ya GP. Wengi hufungua laini saa 2 asubuhi na nafasi zinaisha haraka, kwa hiyo kama una shifti ya usiku piga kabla hujalala.

Dada yako